Ubaguzi wa mji mdogo kwenye filamu: jibu kwa Madamu wa Masindi

Madamu mmoja anayefundisha sekondari huko Masindi, ambaye pia ni mlezi wa klabu ya filamu shuleni kwake, ameniuliza hivi, nami nimefupisha: "Filamu nyingi za Marekani kuhusu ubaguzi wa rangi nilizotazama zinatokea kwenye mji mdogo: barabara moja, sherifu mmoja, kanisa, watu wote wanajuana. Je, ndivyo ubaguzi ulivyo kweli, au ni mazoea ya watengeneza filamu? Na kama nataka kuwaonyesha wanafunzi wangu wa S.3 na S.4 filamu moja ya namna hiyo, ili tuzungumze na mambo ya kwetu pia, nichague ipi?"

Madamu, kwanza nikujibu kwa kifupi ili usikae roho juu. Waonyeshe Mississippi Masala ya Mira Nair, iliyotoka 1991. Ina vipande vya chumbani ambavyo si vya watoto wa shule, kwa hiyo itazame peke yako kwanza na ujue pa kuruka. Kwa nini hiyo, na si nyingine zinazosifiwa kuliko hiyo, hapo pana maneno mengi. Naomba uvumilivu wako.

Mji mdogo humfaa mwandishi wa filamu kwa sababu za kazi. Ana saa mbili tu. Kisa kikiwa New York, itabidi aeleze kwanza nani anamjua nani. Kikiwa kwenye mji wa barabara moja, mamlaka yote yanaonekana kwa macho: mwenye duka ni shemeji wa sherifu, sherifu anasali na hakimu, hakimu ana shamba la pamba na vibarua wake ndio washtakiwa wa kesho. Mgeni akishuka kwenye treni, watu wamekwisha kumwona kabla hajauliza njia. Wewe unayeishi Masindi huhitaji kufundishwa hilo. Mtu akikunyima kitu dukani asubuhi, jioni mtakutana msibani, na itabidi mpeane mkono.

Historia nayo iko upande wao. Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14 aliyetoka Chicago kuwatembelea ndugu zake, alitekwa usiku mmoja wa Agosti 1955 huko Money, kijiji cha jimbo la Mississippi, akauawa. James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, vijana wa harakati za haki za watu weusi, waliuawa Juni 1964 karibu na Philadelphia, mji mdogo wa jimbo hilo hilo. Rosewood, kijiji cha watu weusi kule Florida, kilichomwa moto Januari 1923, na waliosalimika hawakurudi tena. Hollywood haikuyabuni hayo.

Lakini kuna jambo jingine linalofanyika hapo, na hilo ndilo linaloniuma. Mji mdogo umegeuzwa mahali pa kuhifadhia aibu ya taifa zima. Mtazamaji wa Los Angeles, au wa London, au sisi hapa Kampala, tunamwona sherifu mwenye tumbo kubwa na miwani myeusi akitafuna maneno, tunamchukia, filamu inaisha, tunakwenda kulala tukiwa watu safi. Agosti 1966 Martin Luther King aliandamana Chicago, jiji kubwa la kaskazini, akidai watu weusi waruhusiwe kupanga na kununua nyumba mtaa wowote. Marquette Park alipigwa jiwe la kichwa, na akawaambia waandishi wa habari kwamba hata Mississippi na Alabama hakuwahi kuona umati wenye chuki kama ule. Tangu miaka ya 1930 kulikuwa na ramani za serikali zilizopaka mitaa ya weusi rangi nyekundu, maana yake hapa benki isikopeshe. Ramani ni vigumu kuiigiza. Sherifu ni rahisi. Kwa hiyo tuna filamu chungu nzima za sherifu, na za ramani ni za kutafuta kwa tochi.

Ndiyo maana mimi filamu ya namna hii huiuliza swali moja kabla ya mengine yote: kamera inaingia nyumba ya nani?

Chukua To Kill a Mockingbird ya 1962. Ni filamu ninayoiheshimu, na wanafunzi wako wakija kuiona siku moja watafaidi. Wakili mzungu, Atticus Finch, anamtetea Tom Robinson, mtu mweusi aliyesingiziwa kubaka, na waamuzi raia, wanaume weupe watupu, wanamtia hatiani ingawa kila aliyekaa mle ndani anajua mkono wake wa kushoto umelemaa na hauwezi kufanya alichoshtakiwa. Baadaye Tom anapigwa risasi. Tunaambiwa kwamba alikuwa anatoroka. Hatulioni tukio hilo. Tunalisikia Atticus akilieleza barazani. Kisha anakwenda kumpa habari mjane, Helen, na mwanawe Jem anabaki garini. Kamera nayo inabaki na Jem. Kutoka kwenye gari tunawaona watu weusi wamesimama mbele ya nyumba, tunamwona Helen akianguka, tunaona akiingizwa ndani, basi. Tumefika kwenye kiwanja cha yule aliyefiwa, tukaishia nje. Filamu yote ni hivyo: watu weusi wako juu kwenye roshani ya mahakama, wananyanyuka kwa heshima Atticus anapopita, na hakuna hata usiku mmoja tunaokaa jikoni kwao. Mji wenyewe, Maycomb, ulijengwa kwenye kiwanja cha studio huko California. Hilo si kosa, filamu hujengwa hivyo. Lakini waliojenga nyumba za wazungu wa mtaa mzima wangeweza kujenga na sebule moja ya akina Robinson.

Miaka mitano baadaye ikatoka In the Heat of the Night, na hii ikafanya ambalo ile haikuthubutu. Virgil Tibbs, mpelelezi mweusi wa kesi za mauaji kutoka Philadelphia, jiji kubwa la Pennsylvania na si kile kimji cha Mississippi, yuko stesheni usiku anasubiri treni kwenye mji uitwao Sparta, Mississippi. Tajiri mmoja amekutwa ameuawa mjini. Polisi anamkuta mtu mweusi mgeni, ana pesa kwenye pochi, anamkamata. Kisha wanagundua kwamba huyo huyo ndiye pekee anayeweza kuwatafutia muuaji.

Kuna tukio moja humo ambalo ningelionyesha peke yake darasani kama ningekuwa na dakika kumi tu. Tibbs na mkuu wa polisi, Gillespie, wanakwenda kumhoji Endicott, bwana wa mashamba ya pamba. Wanamkuta kwenye nyumba ya vioo anakotunza maua ya okidi. Mzee mpole, ana adabu. Anamuuliza Tibbs anapenda ua lipi. Tibbs anajibu kama mtu anayeyajua maua. Basi Endicott, kwa sauti ile ile ya ukarimu, anamwambia kwamba okidi ni kama mtu mweusi: linataka kulishwa, kutunzwa, na linataka muda. Mtumishi mweusi amesimama pembeni na sinia ya vinywaji. Tibbs anaendelea kuuliza, Endicott anang'amua kwamba anahojiwa kama mshukiwa, anamzaba kofi. Haipiti hata sekunde, Tibbs amemrudishia. Endicott anamgeukia Gillespie: umeona? Nimeona. Utafanya nini? Sijui.

Waambie wanafunzi waisikilize sauti ya Endicott kabla ya kofi. Pale ndipo penye ubaguzi, kwenye yale maelezo matamu kuhusu okidi. Kofi limekuja tu baada ya utamu kugonga mwamba. Na lile "sijui" la Gillespie ni la mtu aliyelelewa kwenye mji ambao swali hilo halijawahi kuwa na majibu mawili.

Sidney Poitier, aliyeigiza Tibbs, alikataa kwenda kupigia filamu hiyo Mississippi, na alikuwa na sababu. Mwaka 1964 yeye na Harry Belafonte walipeleka fedha za wanaharakati wa haki za kiraia katika mji wa Greenwood, na watu wa Klan, kile chama cha siri cha wazungu wabaguzi, wakawafukuza usiku kwa magari. Kwa hiyo Sparta unayoiona kwenye filamu ni mji wa Illinois, kaskazini. Jina la Greenwood liweke akilini, nitalirudia. Jambo jingine la kupendeza kwa klabu yako: mpiga picha wake, Haskell Wexler, alipanga taa kwa kuufikiria uso wa Poitier. Leo linaonekana dogo. Wakati ule studio zilipanga taa kwa ngozi nyeupe, na mwigizaji mweusi akibaki kivuli chenye meno, hakuna aliyeona kuna kilichoharibika. Ubaguzi unaweza kukaa hata kwenye balbu.

Sasa tazama tuzo. Aprili 1968 sherehe za Oscar ziliahirishwa siku mbili kwa sababu ya mazishi ya Martin Luther King. Zilipofanyika, filamu hiyo ilipewa tuzo ya filamu bora, na Rod Steiger, aliyeigiza Gillespie, akapewa ya mwigizaji bora. Poitier hakuteuliwa hata kugombea. Kabla yake Gregory Peck alishinda kwa kuigiza Atticus. Brock Peters, aliyelia kizimbani kama Tom Robinson hadi ukasahau kwamba anaigiza, hakutajwa. Mwaka 2018 Sam Rockwell alishinda kwa kuigiza, kwenye Three Billboards Outside Ebbing, Missouri, polisi mbaguzi wa mji mdogo anayeanza kubadilika mwishoni, na yule mtu mweusi anayesemekana aliteswa na polisi huyo hatumwoni kwenye filamu hata mara moja. Hollywood inampenda mzungu anayejifunza. Aliyefundishia, yaani aliyepigwa, anabaki kuwa vifaa vya somo.

Mfano mbaya kuliko yote kwangu ni Mississippi Burning ya 1988. Imetengenezwa kwa ufundi, huwezi kubandua macho, na inahusu wale vijana watatu wa 1964. Mashujaa wake ni maofisa wawili wazungu wa FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani. Watu weusi wanapigwa, wanachomewa makanisa, wanalia, wanaimba mazishini. Mtu asiyejua historia atatoka akiamini kwamba waliketi wakisubiri kuokolewa na serikali. Chaney mwenyewe alikuwa kijana mweusi wa miaka 21, mwenyeji wa Meridian, mji wa jirani, na alikuwa kazini siku alipouawa: walikuwa wamekwenda kuangalia kanisa la weusi lililochomwa. Wenyeji wa kule walikuwa wamejipanga, wakiandikisha wapiga kura huku wakijua gharama yake. Kuwaondolea kazi yao kwenye filamu ni kuwadhulumu mara ya pili.

Ukitaka kuona jinsi ya kufanya tofauti, kuna Till ya 2022, ya Chinonye Chukwu, mwongozaji mzaliwa wa Nigeria. Aliamua kwamba hatatuonyesha mtoto akipigwa. Tunasimama mbali na lile ghala usiku, tunasikia. Kamera imewekwa kwa mama, Mamie, tangu nyumbani kwake Chicago hadi kizimbani, ambako inakaa usoni pake muda mrefu bila kukata huku wanasheria wakijaribu kumyumbisha. Waamuzi wa kesi ile ya 1955 walichukua saa moja na dakika chache kuwaachia washtakiwa, ambao baadaye walikiri kwenye jarida kwamba ndio waliomuua. Ni filamu nzito. Kwa S.4 inafaa, kwa wadogo fikiria mara mbili.

Niseme na hili, maana linajibu swali lako la ukweli kwa njia ya ajabu. Mwaka 1949 Intruder in the Dust ilipigwa Oxford, Mississippi, mji halisi, na wananchi wa pale wakaajiriwa kuigiza umati unaokusanyika kumsubiri mtu mweusi atolewe jela auawe. Watu wa mji waliigiza jambo ambalo miji kama yao ilikuwa imelifanya kweli. Na Juano Hernandez, aliyeigiza mfungwa huyo kwa kichwa kilichoinuka na maringo yasiyoomba radhi, hakuweza kulala kwenye hoteli za wazungu. Alipata malazi kwa familia ya watu weusi. Jioni kazi ikiisha, filamu iliendelea bila kamera.

Turudi Greenwood. Money, alikotekwa Emmett Till, iko maili chache tu kutoka hapo, wilaya moja. Greenwood ndiko alikofukuzwa Poitier. Na ndiko Mira Nair alikopeleka kisa chake cha familia ya Wahindi kutoka Kampala.

Kisa chenyewe kinaanzia kwetu. Ni 1972, Idi Amin ametoa siku 90 Wahindi waondoke Uganda. Jay ni wakili, amezaliwa hapa, amemkosoa Amin kwenye redio ya BBC, amewekwa ndani. Anayemtoa ni Okelo, rafiki yake tangu utotoni, mwalimu. Na huyo huyo Okelo ndiye anayemwambia kwamba sasa Afrika ni ya Waafrika, Waafrika weusi. Jay anaondoka bila kumuaga. Miaka inapita, na tunamkuta Greenwood, akiishi kwa ndugu wenye moteli, akiiandikia serikali ya Uganda barua baada ya barua kuhusu mali yake. Binti yake Mina amekua. Anapendana na Demetrius, kijana mweusi wa pale mwenye kampuni ndogo ya kusafisha mazulia.

Wanavyofahamiana ni ajali: Mina anagonga gari la kazi la Demetrius kwa nyuma. Hapo Wahindi wanaogopa kushtakiwa, na mmoja wao anamwendea Demetrius kwa tabasamu kubwa: sisi sote si wazungu, sisi ni wamoja, lazima tushikamane. Ni maneno mazuri. Siku mapenzi yanapojulikana, simu zinaanza kulia. Nair anazipanga moja baada ya nyingine: mama mmoja jikoni, mwingine kaunta, mwanamume kitandani, habari inatoka Mississippi inazunguka na kurudi ikiwa imenenepa. Wenye moteli wanamkatia Demetrius kazi ya mazulia. Benki, ya wazungu, inataka arudishe mkopo wake. Na watu weusi nao wanamgeuzia uso: umeona wapi, wasichana wetu hawakutoshi?

Hapa hakuna sherifu mwenye tumbo, Madamu. Hakuna aliyevaa kofia ya Klan. Kuna umbea, kuna mkataba usiohuishwa, kuna ofisa wa mkopo mwenye tai. Yule ofisa hapandishi sauti. Na mtu aliyefukuzwa nchi kwa rangi yake anamkataa mkwe kwa rangi yake. Demetrius anamwambia Jay hayo hayo kwa uchungu, akijigusa shavu: tofauti ya ngozi yako na hii yangu ni ndogo tu. Mimi ni Mwafrika, nimeitazama filamu hii na watu wa rika zote, na mabishano yake hayajawahi kuisha kwa amani. Na kamera inaingia kila nyumba: kwa Jay, kwa Demetrius kwenye sherehe ya familia ambako kaka yake mdogo anauliza kwa shauku imekuwaje Wahindi wakatoka Afrika, kwa wenye moteli wakisali sebuleni.

Ina upungufu, na usiwafiche wanafunzi. Okelo ana mistari michache mno. Filamu inaonyesha vizuri walichopoteza Wahindi, mizigo ikipekuliwa na askari barabarani, mama akishushwa kwenye basi. Kwa nini Mganda wa kawaida wa 1972 alishangilia, haigusi sana. Jambo hilo lina mizizi. Wakoloni walipanga nchi kama ngazi, Mzungu juu, Mhindi katikati na leseni za biashara na vinu vya pamba, Mwafrika shambani. Ghasia za 1949 huko Buganda zilikuwa na dai la wakulima kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe, na 1959 Augustine Kamya na wenzake waliongoza mgomo wa kutonunua kwenye maduka ya Wahindi. Malalamiko yale yalikuwa ya kweli. Amin aliyachukua akayageuza kuwa hukumu ya rangi, na mwenye kiwanda, fundi cherehani na mtoto mchanga wakapewa siku 90 zile zile. Uingereza peke yake ilipokea takriban watu 27,000. Na mtu asiseme yaliisha 1972: Aprili 2007, maandamano ya kuutetea msitu wa Mabira usigawiwe kampuni ya sukari yenye wamiliki Wahindi yaligeuka jijini Kampala, na Mhindi mmoja asiyehusika na lolote akauawa na umati. Kuulinda msitu ilikuwa haki. Aliyekufa hakuwa ameukata.

Kama utapata filamu ya pili, tafuta Skin ya 2008, iliyotoka kwenye maisha ya Sandra Laing wa Afrika Kusini. Wazazi wake walikuwa makaburu wenye duka, weupe, naye akazaliwa 1955 na ngozi ya kahawia na nywele za kipilipili. Shule ya bweni ya Piet Retief, mji mdogo, ilimfukuza akiwa na miaka kumi. Baba anapigana na serikali mpaka mtoto anaandikwa mweupe, unamshangilia. Kisha binti anakua, anampenda mwanamume mweusi, na baba huyo huyo anamfuta. Alikuwa akimpigania binti yake au rangi yake? Waache wabishane.

Kuhusu mambo ya kwetu, ningekushauri usianze na Wahindi. Wanafunzi watakimbilia huko kwa sababu ni rahisi kusema juu ya watu wasiokuwemo darasani. Masindi yako imechanganyika: wenyeji Wanyoro, watu wa West Nile, Wanubi (wazao wa askari waliotoka Sudan enzi za ukoloni), Wakongo, na kule jirani, Kigumba na Bweyale, wako waliotoka Kenya na Sudan Kusini, ndiyo sababu Kiswahili kinasikika sokoni. Amin alipoanguka 1979, Wanubi na watu wa West Nile kwa jumla, kwa kuwa alihesabiwa mtu wao, walibebeshwa makosa yake, wengi wakakimbilia Sudan na Zaire, wazee na watoto. Katiba ya 1995 iliwaorodhesha Wanubi miongoni mwa jamii za wenyeji wa Uganda. Kuandikwa kwenye katiba na kuachwa kuulizwa "kwenu hasa ni wapi?" kila ukitaka kitambulisho ni mambo mawili, na pengine una wanafunzi wanaoweza kulieleza hilo kuliko mimi. Usimlazimishe mtoto yeyote kusimama na kusimulia ya kwao. Wape karatasi waandike tukio la ukurasa mmoja: dukani, kwenye stendi ya teksi, foleni ya zahanati. Sharti liwe moja, asiwepo mtu mbaya. Kila mtu awe na adabu, na bado mmoja aondoke amenyimwa. Watahangaika sana na sharti hilo, na katika kuhangaika watakumbuka walichokiona.

Mpango wa kikao uwe wa siku mbili. Siku ya kwanza onyesha sehemu ya Kampala, kisha ajali ya gari na yule mzee wa "sisi ni wamoja", usimamishe hapo uwaulize wanamwamini au hawamwamini. Usiwaambie kinachofuata. Siku ya pili onyesha simu, benki, na Demetrius mbele ya Jay, halafu safari ya Jay kurudi Kampala mwishoni mwa filamu, anapokwenda kumtafuta Okelo na kuambiwa kwamba alikufa zamani. Mkuu wa shule umweleze mapema filamu inahusu nini, na wazazi pia kama ni desturi yenu. Ni afadhali waisikie kwako kuliko nusunusu kutoka bwenini.

Na utumie kipaji ambacho tayari wanacho. Wamekulia kwenye vibanda vya video, wanajua VJ anavyopunguza sauti ya filamu na kusimulia juu yake kwa lugha ya watu. Zima sauti kwenye tukio la Jay na Okelo, mpe kipaza sauti mwanafunzi mmoja, asimulie kwa Kiswahili upande wa Okelo tu: amemtoa rafiki yake jela kwa shida, anajua yatakayompata mwenyewe akionekana naye, na anamwambia aondoke. Anawaza nini? Kisha mpe mwingine, asimulie tena kwa maneno yake. Waache watatu au wanne wapite kabla hujasema neno, na yule wa mwisho awe ni mtu aliyekuwa kimya siku zote mbili.